Visu Chini ya Godoro

Kwa karibu miaka miwili nililala juu ya visu vitatu. Viwili vilikuwa vya kumenyea ndizi na kimoja kikubwa cha nyama, nimevifunga kwenye kipande cha kiroba na kuvisukuma chini ya godoro upande wa ukutani. Asubuhi nilivitoa, nikamenya ndizi, nikakata mboga, nikavisuuza na kuvirudisha. Halafu nilivaa fulana yangu ya semina, ile yenye maandishi mgongoni kwamba ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama magonjwa mengine, nikashika daftari langu na kutoka kwenda kuwaelimisha watu wa Mpuguso.

Nimejaribu kulieleza jambo hili kwa namna ya kujipendelea, nimeshindwa. Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji. Si nesi, si daktari. Ni yule mama anayepita nyumba kwa nyumba kupima watoto uzito, kuuliza kama choo kina mfuniko, kukumbusha wajawazito tarehe za kliniki. Nina mdomo, na kijiji kizima kinajua, nadhani ndiyo sababu walinichagua. Nilipopelekwa semina ya mambo ya afya ya akili nilirudi nimeshiba maneno. Unyanyapaa. Ustawi. Kumjumuisha mgonjwa katika jamii. Niliyatamka mbele ya mikutano ya kitongoji bila kumeza mate, na watu waliitikia kwa vichwa.

Visu nilikuwa namficha dada yangu.

Dada ananizidi miaka sita. Kabla hajaugua alikuwa na kibanda cha chakula Tukuyu mjini, jirani na stendi, na nikisema alikuwa na mkono wa kumenya ndizi sitii chumvi. Ndizi mbichi ina utomvu unaonata na kuacha weusi vidoleni siku tatu, na watu wengi huimenya kwa hasira. Yeye alipasua ganda mara mbili tu, ndizi ikatoka nzima na kutumbukia kwenye maji kabla haijabadilika rangi, huku anapokea oda na kumkaripia mtu aliyekalia benchi bila kununua. Walimu na mabwana shamba wanaohamishiwa huku kutoka mikoa mingine, wale wanaofika wakilalamika kwamba Rungwe kila siku ni ndizi, walikula kwake wiki mbili wakaacha kulalamika.

Ugonjwa ulianza kwa kukosa usingizi. Kisha akaanza kuniambia kwamba mtangazaji wa redio anamsema, tena kwa mafumbo, na mimi nikamjibu azime redio. Ndivyo nilivyomsaidia dada yangu. Siku alipozidiwa alikuwa kibandani anamenya ndizi za mchana. Alisikia anaitwa, akainuka, akatoka. Alipita katikati ya stendi bila viatu, anaimba wimbo wa kanisani, na kisu kiko mkononi kwa sababu tu hakukumbuka kukiweka chini. Hakumgusa mtu wala kumtisha mtu. Lakini watu walikimbia, mmoja akapanda juu ya lori la mkaa, na kufika jioni habari ilikuwa imeshuka mpaka Masukulu kwamba yule mama wa ndizi amekuwa kichaa, anafukuza watu na kisu. Huwa najiuliza ingekuwaje kama siku ile ingemkuta anapeta mchele. Angetoka na ungo, na leo wilaya nzima ingekuwa inaogopa nyungo.

Mimi nilimkuta njia ya kwenda Kawetele, ameketi ukingoni mwa barabara, mvua inamnyeshea. Alikuwa anamenya ndizi ambazo hazikuwepo. Mkono wa kushoto unazungusha, wa kulia unapasua, kisha anatupa kwenye beseni ambalo halipo. Niliketi pembeni yake nikamwomba kisu. Akanipa, na kabla ya kunipa alikigeuza, mpini ukawa upande wangu, kama mama alivyotufundisha tungali wadogo. Habari za siku ile nimezisimulia mara nyingi, na hicho kipande cha mpini nilikuwa nakiruka.

Sitaki kujifanya kwamba tulikwenda moja kwa moja hospitali. Tulianza na maombi, kisha mganga mmoja akatuambia mhusika ni jirani, tukakaa mwezi mzima bila kumsalimia mwanamke asiye na kosa lolote. Ni mama aliyechoka kwanza. Alisema anauza ndama, twende Mbeya. Dada alilazwa wiki kadhaa, na alirudi ametulia, amenenepa, anachelewa kujibu, na mikono inatetemeka. Akawa anachomwa sindano kila mwezi na kumeza vidonge jioni. Kibanda kilikuwa kimeshachukuliwa na mtu mwingine, kwa hiyo akaja kukaa na sisi, mimi na mama, katika nyumba ileile tulimozaliwa, ambamo mimi nilikuwa nimesharudi baada ya ndoa kunishinda.

Siku aliyofika ndiyo siku nilipovificha. Mama aliniona, akageukia moto wake. Dada naye hakuuliza visu viko wapi. Alikuta ndizi zimeshamenywa, ziko kwenye maji, akakaa. Nilimpa kazi nyingine ili asijisikie vibaya: kuchota maji, kufagia uwanja, kumpelekea ng'ombe majani, kutandika vitanda. Nilijiambia ni kwa usalama wake. Ningeulizwa usalama gani nisingekuwa na jibu, lakini hakuna aliyeniuliza, kwa kuwa mwenye kazi ya kuuliza maswali ya namna hiyo kijijini alikuwa mimi.

Sasa niseme kuhusu misiba, maana huku kwetu ndiko mtu anakojulikana kama yumo au hayumo.

Mtu akifariki, kila nyumba inatoka. Wanaume wanapasua kuni na kushughulika na kaburi. Wanawake wanakuja na mikungu ya ndizi kichwani na kila mmoja na kisu chake, amefunga uzi au kipande cha kitambaa kwenye mpini kisije kikachanganyika na cha mwenzake. Mikungu inarundikwa chini ya turubai, nasi tunaketi duara kuizunguka, tunamenya. Huwezi kujua huzuni ya Wanyakyusa mpaka uketi kwenye duara lile. Mle ndimo tunalia, tunasengenya, tunaulizana habari za watoto walioko Dar, tunacheka kwa kuziba midomo kwa khanga. Mwanamke asiyemenya ndizi msibani ni mgeni, au ni mfiwa, au ni mtoto. Hakuna namna ya nne.

Jiko la misiba ya kitongoji chetu linaongozwa na bibi mmoja mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Yeye ndiye anayepanga nani apike nini, nani akachote maji, nani amenyamaza mno na nani amezidisha maneno. Hana cheo cha mahali popote na hakuna mwenye cheo anayembishia.

Msiba wa kwanza baada ya dada kurudi, tulikwenda pamoja. Dada alikuwa amebeba mkungu wake. Kisu hakuwa nacho, kwa sababu ninazozijua. Bibi alimtazama, akaupokea mkungu kwa mikono miwili, akamwambia kwa upole, kwa Kiswahili chake kisicho na z, "Wewe pumsika, mwanangu. Kaa pale na wageni." Akatandikiwa mkeka. Akaletewa chai kabla ya watu wote. Chakula kilipoiva akapakuliwa mwanzo kabisa, kwenye sahani ya peke yake, na kijiko bila uma. Kila mtu alimsemesha kwa sauti ya chini, kama anavyosemeshwa mtoto mwenye homa. Hakuna aliyemtukana. Ningepata wa kugombana naye ningefurahi, lakini wote walikuwa wema, na dada alikaa kwenye ule wema wao toka asubuhi mpaka tunaondoka, mikono imelala mapajani. Vijana waliopita na kuni ndio waliosema, kwa ile lugha yao ya Mbeya mjini, kwamba mama yule nati zimelegea. Niliwafokea. Nilikuwa hodari wa kufokea vijana.

Njiani dada aliniambia sentensi moja tu. "Wamenipa nyama nyingi."

Semina ilikuja mwaka uliofuata, baada ya misiba mingine kadhaa ya mkeka uleule. Nilirudi na fulana, na bango, na moyo wa kubadilisha dunia nikianzia Mpuguso. Msiba uliofuata ulikuwa wa mzee mmoja mkulima wa chai, watu walijaa. Dada aliketishwa tena kwenye mkeka wa wageni, na mimi nikaona hii ndiyo nafasi. Nilipanda juu ya gogo la kuni. Naona haya hata kuandika. Mtu amekufa, ndugu zake wanalia ndani, na mimi nimepanda juu ya gogo.

Niliwaambia akina mama wasimamishe kazi kidogo wanisikilize. Nikasema ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama malaria. Nikasema haurogwi. Nikasema, "Mfano ni huyu dada yangu hapa. Mnamjua alivyokuwa. Sasa anatumia dawa, amepata nafuu. Msimnyanyapae. Mpeni kisu amenye ndizi kama ninyi." Nilimnyooshea mkono kabisa, kama bwana shamba anayeonyesha mche wa parachichi uliokubali mbolea.

Mtu mmoja akapiga makofi mawili akaacha. Kisha mama mmoja, kwa nia njema kabisa, alichukua kisu, akakizungushia kipande cha jani la mgomba, akanyoosha mkono kadiri unavyofika, akampa dada. Duara zima likaacha kumenya. Wanawake hamsini walikuwa wanamtazama mtu mmoja amenye ndizi moja.

Dada alikipokea. Akachukua ndizi. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kila siku kwa sababu ya dawa, lakini chini ya macho yale ilitetemeka mpaka ndizi ikamponyoka, na kisu kikagonga sufuria. Mwanamke aliyekuwa karibu alimvuta mtoto wake akamweka nyuma ya mgongo. Alifanya haraka bila kufikiri, nami simlaumu, ila niliona, na dada aliona. Akaweka kisu chini polepole, akafunga khanga yake vizuri, akaondoka. Mvua ilikuwa inanyesha. Hakukimbia, wala hakugeuka.

Nilimkuta nyumbani ameketi kwenye kigoda jikoni, nguo zimelowa. Nikaanza kulalamika. Nikawasema wale wanawake, nikamsema bibi, nikasema watu wa kijiji hiki hawaelimiki hata uwape nini. Aliniacha nimalize.

"Umewaambia wanipe kisu," alisema. "Mbona wewe hujanipa?"

Nikajifanya sijaelewa. "Kisu gani, dada?"

"Vile vitatu. Kila Jumamosi jua likitoka naanika godoro lako. Navitoa, naviweka dirishani. Godoro likikauka navirudisha, vikae vile ulivyovilaza. Nilikuwa nachunga nisikosee upande, usije ukashtuka."

Hakusema kwa hasira, na afadhali angekuwa na hasira. Miaka karibu miwili niliyokuwa namlinda, yeye ndiye aliyekuwa ananilinda mimi, asinitie hofu, anarudisha visu chini ya godoro langu kwa mpangilio. Mama alikuwa mlangoni na ndoo ya maziwa, alisikia kila kitu. Alitua ndoo, akaenda chumbani kwangu, akarudi na kile kifurushi cha kiroba, akakiweka katikati yetu sakafuni. Nililia siku ile kuliko nilivyolia siku nilipomkuta barabarani. Ile ya barabarani nilimlilia yeye. Safari hii nilikuwa najililia mwenyewe, kwa aibu.

Visu vikarudi kwenye kikapu cha jikoni. Ningependa kusema kwamba na hofu iliisha palepale. Haikuisha. Kwa wiki nzima, nikisikia kisu kikigonga ukingo wa sufuria, nilijikuta nimesimama mlangoni, nauliza chumvi iko wapi. "Chumvi iko palepale ilipokuwa jana," dada alinijibu bila kuinua kichwa. Siku ya nne alinijibu kabla sijauliza.

Ndizi zake zilitoka vibaya, zimechunwa pande pande, nyingine zimeachwa na ganda. Nilipomsindikiza kliniki nikamwuliza nesi kuhusu ile mikono. Tangu dada aanze dawa nilikuwa sijauliza hata mara moja, maana kwangu mimi ilitosha kwamba ametulia. Nesi akashangaa kwa nini hatukusema mapema, akamwita daktari, na daktari akabadilisha kidonge kimoja. Haikuchukua muda kutetemeka kukapungua, ingawa hakukuisha. Dada akaanza kumenya chane nzima wakati mimi nazunguka na daftari langu, halafu mbili. Nilikuwa nikirudi nakuta beseni limejaa, yeye anasugua utomvu vidoleni kwa mafuta ya kula, na uso wake una ile dharau ndogo ya mtu aliyemaliza kazi.

Lakini msibani alikataa kwenda. Misiba miwili ikapita. Nilikwenda peke yangu, nikaketi, nikamenya, nikafunga mdomo, na wanaonijua wakaniuliza kama naumwa. Kila mmoja aliniuliza dada hajambo, nikajibu hajambo. Nilijua kitakachofuata. Kwetu, nyumba isiyotoka kwenda kuzika wenzake inaanza kuhesabiwa kando, na mama yetu alikuwa mzee. Nilikuwa nawaza siku ya mama, nani atakaa kwenye duara letu, na dada atakuwa wapi. Nilimwambia hivyo, nikitegemea kumtia uchungu akubali. Akasema, "Waliniona natetemeka. Siendi kutetemeka tena mbele za watu."

Alasiri moja ya mvua alikuja yule bibi wa jiko la misiba. Alisimama ukingo wa baraza, amejifunika mfuko wa mbolea kichwani, akasema, "Mugonile," na mama akamwitikia salamu yake na kumkaribisha. Dada alikuwa barazani na beseni lake. Nilitaka kuinuka kumpa bibi kiti, kumpa chai, kumpa maelezo. Mama akanishika goti.

Bibi alivuta kigoda mwenyewe. Alikuwa anatoka shambani, ana kisu kwenye kikapu. Akakichukua, akachukua ndizi kutoka rundo la dada, akaanza kumenya. Walimenya kama ndizi kumi hivi bila neno. Mvua ilipiga bati mpaka hata ungetaka kusema ungelazimika kupiga kelele.

Ilipopungua bibi akasema, "Hiyo sindano, inachomwa wapi?"

Nilifungua mdomo, mama akanibana goti tena. Dada ndiye aliyejibu. "Zahanati, bibi. Anakuja daktari mara moja kwa mwezi. Ni ya nani?"

"Kuna mtu kwangu."

Sisi wote tulijua bibi ana mtoto mmoja wa kiume, na kwamba yuko Chunya kwenye machimbo ya dhahabu. Kila mwezi nilipopita pale na mizani yangu nilimwambia bibi amsalimie wa Chunya, naye alinijibu salamu zimefika. Mtoto hakuwa Chunya. Alikuwa amerudi akiwa mgonjwa, mwaka wa nne ule ukiwa unakatika, na alikuwa chumba cha nyuma cha nyumba ileile, ukuta mmoja kutoka pale nilipokuwa natundika mizani. Bibi alikuwa anampikia, anamwogesha, anafunga mlango, halafu anatoka kwenda kuongoza misiba ya watu. Nilijisikia mjinga kwa kiwango ambacho sijawahi kujisikia. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu, nyumba ile: wakazi, mmoja.

"Mimi sikukuchukia, mwanangu," bibi alimwambia dada, macho yake kwenye ndizi. "Nilikuwa nikikutasama pale msibani naona yule wa kwangu. Nikawasa, huyu akianguka hapa mbele ya watu, mimi nitafanya nini? Ndiyo nikasema pumsika. Sikuwa na njia ingine."

"Najua, bibi," dada alisema, ingawa sidhani kama alikuwa anajua.

"Inauma?"

"Sindano? Kidogo. Mwanzo mdomo unakauka, unalala sana, unanenepa. Mikono ikitetemeka mwambieni daktari, msikae kimya kama sisi." Akaninyooshea kidevu bila kunitazama. "Lakini sauti zinapungua, bibi. Kwanza zinakuwa kama redio ya jirani. Halafu kuna siku jirani anaizima."

Bibi aliacha kumenya. Alilia bila sauti, machozi yanashuka kwenye makunyanzi, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na utomvu. Dada alichukua ncha ya khanga yake mwenyewe akamfuta. Mimi niliyesoma semina nzima ya namna ya kumsikiliza mgonjwa na familia yake nilikuwa nimekaa pembeni, sina cha kufanya, na kwa mara ya kwanza sikutafuta.

"Kliniki yangu ni Jumanne," dada akasema. "Nitakuja kumchukua."

Alimchukua kweli. Mimi nilibeba mwavuli tu. Yule mwanaume alitoka mlangoni amekinga macho kwa mkono, maana alikuwa hajazoea mwanga, na dada akamwambia njia ni telezi, aangalie miguu. Walitembea taratibu mbele yangu mpaka zahanati, wakizungumza juu ya bei ya parachichi. Sasa anakaa barazani kwa mama yake, watu wanapita wanamwona, wengine wanamsalimia, wengine bado wanaharakisha hatua. Msibani hajafika. Hakuna anayemharakisha.

Msiba wa baadaye ulitokea kitongojini kwetu hapahapa, mama mmoja wa kwaya. Asubuhi yake nilijiandaa. Nikakuta dada ameketi jikoni anafunga uzi kwenye mpini wa kisu kimoja, anaukaza kwa meno.

"Unakwenda?" nikamwuliza.

"Mvua ikikatika."

Mvua ya kwetu haina tabia ya kukatika kwa sababu ya mtu. Tulikwenda nayo hivyohivyo, mikungu kichwani, matope mpaka vifundoni. Tulifika chini ya turubai. Dada alitua mkungu kwenye rundo, akatazama duara, akaona nafasi kati ya wanawake wawili, akasema, "Sogeeni." Wakasogea. Mmoja wao alikuwa yule aliyemvuta mtoto. Alisogea kama anavyosogea mtu benchini, bila kumtazama, anaendelea na habari aliyokuwa anaisimulia. Mimi niliketi upande wa pili, mahali ambapo ningemwona vizuri.

Dada alianza. Ndizi ya kwanza, ya pili. Mikono ilikuwa na mtetemo wake mdogo, hakuuficha. Alikuwa anakwenda polepole, na maganda yake yalitoka mazito. Sikuweza kumenya. Nilishika ndizi moja muda wote ule, nimeikodolea mikono yake macho, nahesabu pumzi.

Bibi aliacha ndizi zake, akaja anazunguka kukagua, kama kawaida yake. Alifika nyuma ya dada akasimama. Akainama, akaokota ganda moja, akaliinua juu watu waone.

"Mwe bandu! Ninyi watu, oneni huyu! Nusu ya ndisi ameacha kwenye ganda! Tumekuja kulisha watu au kulisha ng'ombe?"

Nilianza kuinuka, mdomo umeshafunguka, nikamkinge. Dada aligeuza shingo akamtazama bibi toka chini.

"Mkono unatetemeka, bibi, ila macho yangu ni mazima. Hizo ulizomenya wewe mbona zina ndevu?"

Halafu mwanamke aliyekuwa ubavuni mwa dada alicheka kwa pua, akaziba mdomo kwa khanga, akashindwa, na duara zima likaanguka kicheko, kile cha msibani cha kuinamisha vichwa wafiwa wasisikie. Bibi naye alikuwa anatikisika mabega. "Nyamasa, umenye!" akasema. "Watu wana njaa!" Akamtupia chane nyingine nzima mapajani.

Tangu arudi kutoka Mbeya hakuna mtu aliyewahi kumgombeza dada yangu. Nilikuwa sijatambua mpaka pale. Niliangalia lile duara, mmoja mmoja. Walikuwa wanatazama ndizi zao, beseni, sufuria, mtoto anayeelekea motoni. Aliyekuwa anatazama kisu cha dada yangu ni mimi peke yangu.

Na bibi aliniona. "Na wewe mwenye mdomo," aliniambia, "unakodoa nini hapo? Ndisi moja toka asubuhi! Maji yamekwisha, kachote."

Mto uko mbali kidogo, chini ya migomba, na ukiwa kule huoni kinachotendeka chini ya turubai. Nilisimama na ndoo tupu mkononi. Niliogopa, nisiseme uongo. Dada aliinua macho, akaniona nimesimama, na najua alijua ninachoogopa, kwa sababu amekuwa akikijua siku zote. Hakuniambia nenda wala usiende. Akarudi kwenye ndizi zake.

Nikageuka, nikashuka mtoni. Nilipofika katikati ya migomba nikasikia wanacheka tena, sauti ya dada yangu ikiwa juu kuliko zote, na sikurudi kuangalia wanacheka nini.